Vigoda kwenye Ramani ya Mwalimu

Mwezi uliopita nilikuwa Kashebere, nikingoja pikipiki yetu izibwe tairi, njaa ikanishika. Mama mmoja alikuwa anakaanga mandazi kando ya barabara. Nikanunua matano, akanifungia kwenye kipande cha karatasi ngumu, nikakaa juu ya gogo na kuanza kula. Nilipofika la tatu, mafuta yalikuwa yameilowesha karatasi hadi michoro ikajitokeza: mstari mweusi wa barabara, mto wa rangi ya kijani, na kando ya mstari kigoda kidogo cha miguu mitatu. Rafiki yangu, nilisahau kutafuna. Nilikijua kigoda kile. Niliyahamishia mandazi yaliyobaki mkono wa kushoto, nikaifuta karatasi kwa kitenge changu kipya, na sikujali kitenge.

Nikamuuliza yule mama karatasi anapata wapi. Akanionyesha kwa kidevu duka la upande wa pili, ambapo siku hizi kijana anauza vocha na nyaya za simu. Alisema mule ndani kuna mabunda mazima ya makarte, yaani ramani, ya zamani ambayo hakuna mtu anayeyataka, na kwamba kwa mandazi ni karatasi nzuri kuliko gazeti, maana haitoi wino. Sifa hiyo angeisikia Mwalimu aliyeichora angecheka hadi miwani imdondoke.

Basi nikueleze, maana wewe pengine ulikua na ramani ya kiwandani ukutani, ile ya dunia nzima yenye bahari nyingi. Sisi tulikuwa na yetu. Ilizaliwa Muheto, mlimani kwetu, na ilichapishwa, ikauzwa, ikapanda, ikashuka, na mimi niliiona tangu siku ya kwanza.

Nilikuwa naishi kwa bibi yangu, mzaa mama. Nyumba yake ilikuwa juu, shamba lake la viazi na maharage lilikuwa chini karibu na kijito, na katikati kulikuwa na mlima wa kumtoa mtu jasho la kisogoni. Siku ya soko akina mama walipandisha viazi ndani ya vitunga, kamba imekazwa kwenye paji la uso, shingo imekakamaa, macho yako kwenye visigino vya aliye mbele. Asubuhi ilinuka udongo uliolowa na moshi wa kuni mbichi. Ng'ombe walilia ng'ambo ya bonde, na kutoka kwenye kibanda cha jirani ilikuja harufu ya jibini ikikaushwa, ambayo mpaka leo ikinipitia puani najiona nina miaka minane.

Jirani yetu mwingine alikuwa Mwalimu wa shule ya msingi, mtu mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliyependa viazi vya kuchemsha vya bibi kiasi kwamba tulijua saa kwa kuja kwake. Darasani kwake kulikuwa na ramani moja ya nchi, imechanika mashariki. Sehemu yetu sisi ndiyo iliyokuwa imeliwa na panya. Mwalimu alisimama mbele yetu, akaweka kidole hewani kando ya karatasi, akasema, "Siye tunaikala hapa," yaani tunakaa pale hewani. Tulicheka. Yeye alicheka pia, lakini jioni ile alimwambia bibi kwamba jambo lile linamuuma, na kwamba atachora ramani yetu mwenyewe.

Hakuwa na chombo cha kupimia njia. Alikuwa na penseli, rula ya mbao, na bibi. Na bibi, kama akina mama wote wa kule, alipima njia kwa mapumziko. Usiulize kutoka kijitoni hadi sokoni ni kilomita ngapi. Uliza unatua mzigo mara ngapi. Kila pumziko lilikuwa na mahali pake: chini ya mti fulani, penye kona, penye mwamba. Mwalimu akaona hicho ndicho kipimo atakachotumia. Akampa bibi uzi wa mgomba, na kila tulipotua mzigo bibi alipiga fundo. Alitembea nao njia zote za Muheto, akawaomba na akina mama wa vijiji vingine wafanye hivyo hivyo, hadi mafundo yakaja kutoka Kibabi na kutoka njia zote za jirani. Mwalimu aliyatandaza mezani, akayahesabu, na penye kila fundo akachora kigoda.

Hapa nina dhambi ya kuungama. Bibi alipochoka mikono alinipa mimi uzi. Kulikuwa na mahali fulani, mapema tu baada ya kijito, ambapo marakuja za mwitu, yale matunda ya pasheni, zilining'inia juu ya njia, na mimi nilipenda kusimama pale. Sikuwa nimechoka hata kidogo. Nilipiga fundo. Kwa hiyo ramani ile, ambayo watu wazima waliamini kwa miaka, ina kigoda kimoja cha uongo, na ni cha kwangu.

Sasa ramani inahitaji kuchapwa, na Mwalimu hakuwa na hata karatasi ya akiba. Mwenye mashine alikuwa mfanyabiashara mmoja wa Kashebere, mtu wa kutoka Butembo, Mkatoliki wa kwenda misa kila Jumapili na viatu vinavyong'aa. Alikuwa na duka, alikuwa na kamio mbili, malori ya mizigo, na katika chumba cha nyuma alikuwa na roneo, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, aliyokuwa akichapishia matangazo ya duka. Mwalimu alipanda kamio akaenda kumwona, nami na bibi tukaenda naye, maana bibi alitaka kuona mafundo yake yanaingiaje ndani ya chuma. Mwalimu alichora juu ya karatasi ya nta kwa kijiti cha mwavuli kilichonolewa, ulimi nje, jasho linamtiririka. Kisha mashine ikaanza kulia kacha-kacha, kacha-kacha, na Muheto yetu ikatoka, moja, nyingine, nyingine, ikinuka wino. Bibi alishika nakala moja kwa ncha za vidole akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kingine kule. Nilijivuna siku ile kama mtu aliyejenga kanisa.

Lakini palikuwa na kosa, na kosa lenyewe lilikuwa la kwetu hasa. Njia ya mlimani ukiipanda na mzigo ina mapumziko mengi, ukiishuka ina machache. Mwalimu alikuwa na nyuzi mbili kwa njia moja, moja yenye mafundo saba, nyingine yenye matatu, na alikuwa mtu wa haki; hakutaka kumpunja mama yeyote. Akachora njia mbili. Moja ndefu yenye kujipinda ya kupandia, na kando yake nyingine fupi, imenyooka, ya kushukia. Sisi sote tulielewa. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna mtu ambaye hataelewa.

Mtu huyo alikuwa dereva mpya wa yule mfanyabiashara, aliyetoka Butembo wiki ile ile. Alikuja na ramani mfukoni, akaona njia mbili, akachagua fupi. Tulisikia honi, halafu tukasikia miti inavunjika, halafu kamio ikaingiza pua katikati ya maharage ya bibi na kutulia pale. Dereva alishuka na karatasi mkononi akiitazama, akitazama shamba, akiitazama tena.

"Koko, njia iko wapi?" aliuliza, maana Koko kwetu ndiyo bibi.

"Umeisha kulala juu yake," bibi alisema. "Kuya ule kwanza, utaitafuta na nguvu."

Alikula maharage yale yale aliyoyaangusha. Ilichukua vijana wote wa kijiji kuitoa kamio, na walifurahi kuliko siku ya harusi.

Tajiri wake hakufurahi. Alikuja mwenyewe wiki iliyofuata, akakaa kwenye kiti cha uani kwetu na kuitandaza ramani magotini. Alisema watu wameipenda, anataka kuichapisha upya mjini, karatasi ngumu, rangi mbili, aiuze kuanzia Muheto hadi Kashebere na mbele Walikale. Ila vigoda vitoke. Njia iwe moja, na ile nafasi waandikwe wenye maduka, parokia, na vituo vya kamio.

"Karte ni ya bashofere na bacommerçants," alisema, yaani madereva na wafanyabiashara. "Mambo ya kupumuzika ya bamama haiko mambo ya kuandika."

Mwalimu alitazama chini. Alikuwa anaitaka ramani ile ya rangi mbili kwa roho yote, na nilimwona anavyomeza mate. Bibi naye aliendelea kumenya viazi, lakini maganda yalianza kutoka manene.

Ili ujue kwa nini, sharti ujue kigoda cha nne. Katikati ya mlima, pale panapokata pumzi kabisa, zamani hapakuwa na pa kutua. Mama akitua mzigo chini pale, hawezi kuuinua tena peke yake. Bibi akiwa na mimba ya mama yangu alianguka hapo na kitunga chake, akakaa na mzigo wake hadi mtu akapita. Baada ya kujifungua alirudi na jembe. Kiangazi kizima, kila alipopata nafasi, alichimba ukingo na kuviringisha mawe bapa, akayapanga yawe ya kimo cha kiuno cha mwanamke, ili ageuke tu, aegeshe kitunga bila kuinama, apumue, kisha asimame nacho bila kumwomba mtu. Hakuna aliyemsaidia. Mimi aliwahi kuniambia akisukuma kuni jikoni: shamba litakwenda kwa wajomba zako, nyumba ina jina la babu yako, mimi nina mawe yale. Alisema hivyo bila uchungu wowote. Lakini alipojua kwamba yameingia kwenye karatasi inayosomwa na watu wa mbali, alimfanya Mwalimu amwonyeshe kigoda kile mara nyingi kiasi kwamba alikipata mwenyewe kwa kidole, ijapokuwa hakujua kusoma hata herufi moja.

Basi aliweka kisu chini.

"Papa," alisema, "kesho ni siku ya soko. Beba kitunga moja kutoka mu kijito mpaka ku soko. Kama haukuikala hata pahali moja, utoe vigoda yote. Kama umeikala, ile pahali uandike."

Kwetu mwanaume habebi kitunga. Atabeba mbao begani, atabeba mgonjwa, atabeba jeneza. Kamba ya paji la uso ni ya wanawake. Mwalimu alianza kukohoa. Yule tajiri alitazama viatu vyake, akatazama mlima, na nadhani alijiambia kwamba mwanamke mzee anaupanda kila wiki, itamshindaje yeye.

"Sawa, Koko," alisema. "Sitaikala."

Asubuhi ile soko lilichelewa kufunguliwa kwa sababu kila mtu alikuwa kijitoni. Alivua koti akampa Mwalimu. Akina mama walimfunga kamba wakicheka kwa adabu, mkono mdomoni. Akainuka, akayumba, akasimama sawa, akaanza. Sisi watoto tulikwenda mbele kinyumenyume ili tusikose kuuona uso wake. Alikuwa na nguvu, nisimseme vibaya. Alikipita kigoda changu cha marakuja bila hata kukitazama, na mimi nikainamisha kichwa. Akapita cha pili akipiga hesabu kwa sauti. Penye cha tatu alisimama, akatazama mwamba, akaendelea, na akina mama wakaacha kucheka. Sasa walikuwa wanamhimiza, "Papa, kaza, Papa, pole pole," wengine wakaanza wimbo wa kupandia, ule wa kuguna nusu na kuimba nusu. Bibi alitembea nyuma yake na kitunga chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nimeshika sketi yangu kwa mikono miwili na nilikuwa namwomba Mungu yule tajiri achoke. Ndiyo, niliomba hivyo, na kwa bidii kuliko nilivyowahi kuomba kanisani.

Alipofika penye mawe, hakuna aliyemwelekeza. Mgongo wake wenyewe uligeuka. Kitunga kikakaa juu ya mawe, kamba ikalegea, naye akabaki ameegemea, macho yamefungwa, mdomo wazi. Mama mmoja akampa maji ndani ya kibuyu, akanywa yote.

"Haya mawe," alisema alipopata pumzi, "nani aliyapanga?"

"Ni miye," bibi alisema.

Aliyapapasa kwa kiganja, pembeni na juu. Alikuwa mtu wa kujenga maghala. Alijua kazi akiiona.

"Mwalimu, andika," alisema. "Andika yote. Na hapa uweke jina."

Mwalimu alimuuliza bibi aandike jina gani. Bibi alifikiri kidogo, akanitazama mimi nimesimama na sketi iliyokunjamana, akasema waandike vile wajukuu wanavyomwita. Ikaandikwa Kwa Koko.

Rafiki yangu, ramani ile ya rangi mbili iliuzika ajabu. Njia ikawa moja, vigoda vikawa kando yake, na madereva wenyewe ndio waliovipenda kwanza, kwa kuwa penye vigoda vilivyosongamana walijua mlima ni mkali, waweke gia mapema. Waliibandika juu ya kioo cha mbele. Mapadre waliinunua, wachuuzi wa jibini, wauguzi waliohamishiwa huku wasiojua njia. Watu walipeana harusini pamoja na sufuria. Ilipopanuliwa hadi Walikale, Mwalimu alikwenda huko kwa wiki nyingi, akarudi amekonda lakini anacheka, maana mama za msituni walimwambia wao hawahesabu mapumziko, wanahesabu miti ya kuvukia maji. Kwa hiyo magharibi ya Kashebere vigoda vinakwisha na magogo yanaanza. Kila toleo lilipofika, kamio ilisimama kwetu kabla ya soko, na nakala ya kwanza ilikuwa ya bibi. Aliibandika juu ya ile ya zamani. Kila mgeni alionyeshwa kwa kidole, na kidole kile kilisugua mahali pamoja kiasi kwamba kila ramani ya ukutani kwake ilipata tundu pale pale. Aliishi akijivunia tundu lile.

Halafu mambo yakapungua, sijui hata nikuambie yalianzia wapi. Vita vilikuja, vikaondoka, vikarudi. Tulikimbia, tukarudi, wengine hawakurudi. Wasomaji wa ramani walipungua kwa kuwa wasafiri walipungua. Simu zilipofika, dereva alifungua kiganja tu na kuona dunia nzima. Yule tajiri alizeeka, akaliacha lile duka la Kashebere, akarudi kwao Butembo. Mwalimu alizikwa na miwani yake. Bibi alikuwa ametangulia, na nyumba ilipoanguka ukuta wake ulianguka na tabaka zote za ramani. Mabunda yaliyobaki ni yale ya mandazi. Siilaumu simu, ninayo, naipenda, bila hiyo ningekuwa nimepotea mara mia. Ila ilinihuzunisha, siku ile pale Kashebere, kwa namna ambayo sikuitegemea.

Ndiyo maana pikipiki ilipokwisha kuzibwa nilimwambia kijana wa pikipiki tusiende Goma moja kwa moja, tupitie Muheto. Nilishuka kijitoni, nikapanda kwa miguu. Marakuja hazipo. Penye mawe nilikuta wasichana wawili wameegesha vitunga vyao na wanatazama simu ya mmoja wao. Niliwasalimu, nikamwomba anionyeshe ramani hapa tulipo. Akaifungua, akaikuza, akaikuza tena. Ilikuwa kijani tupu, hata njia haikuwapo.

"Na ninyi hapa mnapaita namna gani?" nikauliza.

"Kwa Koko," alisema yule mdogo, bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Ramani hakuwahi kuiona, alizaliwa zimekwisha. Nikaegemea mawe. Nikamuuliza ni koko wa nani.

"Hatujue, dada. Ndio jina yake."

"Alikuwa wangu," nikasema. "Koko yangu mimi."

Walitazamana, wakaangua kicheko, wakasogea kunipa nafasi.

"Dada," alisema yule mkubwa, akikaza kamba kwenye paji lake, "kila mutu mwenye anaikala hapa anasema ni koko yake."

Sikubisha.